Mashaka Hayana Safu Kwenye Taarifa

Ukitoka Dodoma kwa barabara ya Morogoro, kabla hujafika Gairo unapita Kibaigwa, kwenye soko la nafaka ambalo wafanyabiashara hulifuata kutoka mbali. Wakulima wa maeneo haya hulima mahindi, alizeti, mtama na karanga, na wengi wao wana ekari chache tu. Hii ni wilaya ya Kongwa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza kufyeka ardhi ya hapa kwa mpango wa kulima karanga katika ekari milioni 3.2 za Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Eneo hilo kwa jumla ni karibu sawa na mkoa mzima wa Kilimanjaro. Mwanzoni mwa 1951 mpango ulifutwa, na zaidi ya pauni milioni 36 za walipa kodi wa Uingereza zikahesabiwa kuwa zimepotea.

Habari ya karanga za Kongwa husimuliwa mara nyingi kama habari ya kiburi cha wakoloni. Kiburi kilikuwepo, sibishi. Lakini kuna jambo jingine ndani yake ambalo linatugusa zaidi sisi tunaochimba visima, tunaojenga madarasa na tunaofunga mifumo ya kompyuta katika ofisi za umma. Mkoloni aliondoka na kiburi chake. Jambo hili lilibaki. Yaliyojulikana shambani hayakufika kwenye meza ya uamuzi yakiwa na sura ile ile. Yalipanda ngazi, na kila ngazi iliyapunguzia kitu, hata yalipofika juu yalikuwa yamegeuka kuwa tarakimu isiyo na wasiwasi wowote ndani yake.

Wazo lilitoka kwa Frank Samuel, mkurugenzi mtendaji wa United Africa Company, kampuni iliyokuwa chini ya Unilever. Uingereza ilikuwa imetoka vitani na mafuta ya kula yalikuwa yanatolewa kwa mgawo. Mwaka 1946 ujumbe wa watu watatu, ukiongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika, ulizunguka nchi hizo tatu kwa wiki tisa. Sehemu kubwa ya ardhi waliitazama wakiwa kwenye ndege. Walirudi na hesabu iliyokamilika: mashamba 107 yenye ekari 30,000 kila moja, gharama ya pauni milioni 24, na ifikapo msimu wa 1950/51, tani 600,000 za karanga kwa mwaka.

Wakefield hakuwa mgeni wa kilimo, na hapo ndipo penye fundisho kubwa. Mtaalamu wa kilimo anajua kwamba wiki tisa hazitoshi kupima udongo wa nchi tatu wala kuijua tabia ya mvua ya mahali pamoja. Mvua za Ugogo, eneo ambalo Kongwa imo ndani yake, ni za msimu mmoja, kati ya Desemba na Aprili, na wastani wake kwa mwaka ni kama milimita 500 hadi 600. Wastani huo hauonyeshi mwaka ambao mvua zote humwagika katika wiki chache halafu mbingu zikafunga. Lakini serikali ilikuwa na haja ya mafuta, na swali lililoulizwa lilikuwa ekari ngapi, kwa fedha ngapi, kufikia lini. Taarifa ikajibu kilichoulizwa. Ilipomfikia John Strachey, Waziri wa Chakula, ilikuwa imejaa tarakimu, na tarakimu ndizo zilizosafiri hadi bungeni na magazetini. Hakuna aliyesimamisha safari hiyo ili kwanza ilimwe sehemu ndogo kwa misimu miwili au mitatu ya majaribio.

Kwenye saiti ukweli ulijitokeza mapema. Matrekta mengi yalikuwa mabaki ya vita, mengine yameletwa kutoka Ufilipino, na yalikuwa yakiharibika kuliko mafundi walivyoweza kuyatengeneza. Vifaru vya Sherman viligeuzwa na kampuni ya Vickers kuwa matrekta, navyo havikuhimili kazi. Mizizi ya vichaka vya Kongwa ilivunja majembe. Udongo wenyewe una chembe kali za mawe zinazosaga chuma, tena una mfinyanzi ambao mvua zikikatika hukauka ukawa mgumu kama tofali, karanga zikiwa bado ardhini. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa zilikuwa takribani 7,500.

Kuna kisa kimoja kinachosimuliwa katika habari za mpango huu. Watu wa saiti, baada ya kuhangaika na vichaka, waligundua kwamba matingatinga mawili yakivuta mnyororo mzito katikati yao yanaweza kuangusha miti mingi kwa mkupuo. Wakaagiza London minyororo ya nanga za meli. Inaelezwa kwamba London ililikataa agizo hilo mwanzoni, kwa kudhani ni mzaha: watu walio mamia ya kilomita kutoka baharini wanataka nanga za nini? Aliyepokea agizo hakuwa mjinga wala hakuwa na nia mbaya. Alikuwa na karatasi mkononi, na karatasi haikumweleza kichaka cha Kongwa kikoje. Aliyeliandika naye hakuona haja ya kueleza, maana kwake kichaka kilikuwa mbele ya macho kila asubuhi. Ufa mwingi kati ya mtaalamu na meneja huanza hapo, mmoja anapokiona kitu kila siku hadi akasahau kwamba mwenzake hajawahi kukiona.

Mwaka 1948 kazi ilihamishiwa shirika la umma, Overseas Food Corporation, chini ya mwenyekiti Leslie Plummer, aliyekuwa amepata uzoefu wake wa uongozi katika biashara ya magazeti. Huko Kongwa aliletwa meneja mkuu, Meja Jenerali Desmond Harrison, mhandisi wa jeshi. Malengo yalipunguzwa, yakapunguzwa tena, lakini kipimo kilibaki kile kile, yaani ekari. Ukipimwa kwa ekari utafyeka ekari. Ubora wa udongo, kina cha mizizi, mvua ya wiki iliyopita, hayo hayakuwa na mahali pa kuandikwa ambapo yangeweza kubadilisha uamuzi. Alan Wood, mwandishi wa habari aliyekuwa akisimamia kitengo cha habari cha shirika hilo, aliacha kazi, na mwaka 1950 kitabu chake, The Groundnut Affair, kikatoka. Nimelitafakari hilo mara nyingi. Mtu ambaye kazi yake ilikuwa mawasiliano ilimbidi atoke nje ya ofisi ndipo aseme kwa kirefu yaliyokuwa yakitokea.

Sasa tuje kwetu. Chukua taarifa ya utekelezaji ya mradi wowote wa halmashauri. Ina safu ya shughuli, safu ya lengo, safu ya kilichofanyika, safu ya asilimia, safu ya fedha zilizopokelewa na zilizotumika. Mwishoni kuna safu ya changamoto. Safu hiyo hujazwa mambo yaliyokwisha kutokea na ambayo hayamkeri mtu: fedha zimechelewa, mvua zimenyesha sana, mkandarasi hana vifaa vya kutosha. Je, mhandisi wa wilaya aandike wapi kwamba hana hakika kama ardhi ya eneo lile itabeba tenki la lita laki moja? Hiyo si shughuli, si asilimia, wala si changamoto iliyotokea. Ni mashaka tu, na mashaka hayana safu.

Kisima kirefu kinaonyesha jambo hili vizuri. Baada ya kuchimba, kisima hupimwa kwa kusukuma maji kwa saa nyingi mfululizo huku kina cha maji kikiangaliwa jinsi kinavyoshuka, na baadaye jinsi kinavyopanda pampu ikizimwa. Kipimo kikifanyika mara baada ya masika, kinasema habari moja. Kikifanyika mwishoni mwa kiangazi kinaweza kusema nyingine. Mtaalamu wa maji chini ya ardhi akisema kisima kinatoa lita 5,000 kwa saa, ndani ya kauli yake kuna masharti: kwa kina hiki cha pampu, kwa saa hizi kwa siku, ikiwa mvua za miaka ijayo zitafanana na za nyuma. Kisha mazungumzo huenda hivi.

"Mhandisi, maji yapo au hayapo?"

"Yapo, mheshimiwa, ila wakati wa kiangazi itabidi tuangalie..."

"Basi andika yapo. Hayo mengine tutayaona mbele ya safari."

Hakuna aliyesema uongo katika mazungumzo hayo. Mkurugenzi ana kikao cha baraza la madiwani, ana wananchi wanaochota maji kwenye korongo, na ana swali linalodai jibu fupi. Mhandisi ana familia na kibarua chake. Lakini kuanzia hapo neno "yapo" linaishi maisha yake peke yake. Linaingia kwenye bajeti ya mabomba, kwenye idadi ya vituo vya kuchotea, kwenye hotuba ya uzinduzi. Kiangazi cha tatu kikifika na kina cha maji kikashuka chini ya pampu, wananchi wataambiwa mradi umeharibika, ingawa mradi unafanya kile kile ambacho nusu ya pili ya sentensi ya mhandisi ilikuwa ikikielezea.

Zege nalo lina kalenda yake. Nguvu iliyokusudiwa katika michoro hupimwa siku ya 28, na katika siku za mwanzo zege linatakiwa kumwagiliwa maji lisikauke haraka. Upande wa pili kuna kalenda ya serikali. Mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30 Juni, na fedha za maendeleo ambazo hazijatumika ni kero kwa kila mkurugenzi, kwa sababu bakaa huulizwa. Kuna ratiba ya Mwenge wa Uhuru, ambao unapopita huzindua miradi na kuikagua. Kalenda hizi zote ni halali. Mwenge umewahi kufichua ubadhirifu katika miradi, na kufunga hesabu kwa wakati ni nidhamu ya fedha za umma. Tatizo ni kwamba kalenda ya Hazina ina barua, ina simu na ina mtu wa kuitetea kikaoni, ilhali kalenda ya zege ina msimamizi wa saiti peke yake, ambaye mara nyingi ndiye mwenye cheo kidogo kuliko wote waliokaa chumbani.

Wapo wanaodhani shida ni istilahi. Wanasema wahandisi na watu wa kompyuta wajifunze kuongea lugha rahisi, na mameneja wapelekwe semina ya siku mbili, mambo yatanyooka. Lugha rahisi ni jambo jema, lakini haifikii shina la tatizo. Usiku wa tarehe 27 Januari 1986 huko Marekani, wahandisi wa Morton Thiokol, kampuni iliyotengeneza roketi za kusaidia urushaji, walizungumza kwa simu na watu wa NASA kuhusu kurusha chombo cha anga za juu cha Challenger asubuhi iliyofuata. Baridi ilikuwa kali. Roger Boisjoly, Arnie Thompson na wenzao walikuwa na wasiwasi kwamba pete za mpira zinazoziba maungio ya roketi hukakamaa kwenye baridi na zinaweza kuruhusu gesi ya moto kupenya. Kila aliyekuwa kwenye simu aliielewa lugha hiyo, kwani wengi wa mameneja wale walikuwa wahandisi kwa mafunzo. Thiokol walishauri chombo kisirushwe. NASA wakaonyesha kutoridhika. Thiokol wakaomba dakika chache za faragha, na katika faragha hiyo Jerald Mason, meneja wa ngazi ya juu, akamtaka Bob Lund, mkuu wa uhandisi, aweke kando uhandisi wake na afikiri kama meneja. Lund akabadili msimamo. Kesho yake chombo kililipuka sekunde 73 baada ya kuruka, na watu saba wakafa.

Boisjoly alieleza baadaye kwamba usiku ule utaratibu uligeuzwa. Siku nyingine wahandisi walitakiwa kuthibitisha kwamba kurusha ni salama. Usiku ule walitakiwa kuthibitisha kwamba si salama, na mtu mwenye mashaka hawezi kuthibitisha hivyo, kwa kuwa angekuwa na uthibitisho asingeyaita mashaka. Richard Feynman, mwanafizikia aliyekuwa kwenye tume ya uchunguzi, aliwauliza watu wa NASA uwezekano wa chombo kupotea ni kiasi gani. Wahandisi walikaribia 1 kwa 100. Viongozi walitaja 1 kwa 100,000. Ofisi moja, mashine moja, na tofauti ya mara elfu moja. Hiyo haiwezi kuwa tofauti ya msamiati. Mashaka yalikuwa yakipungua kila yanapopanda ngazi, kwa sababu kila ngazi ilikuwa na kitu cha kulinda.

Hata hivyo wataalamu nao wana sehemu yao, na sitaki kuipita. Edward Tufte, mtaalamu wa uchoraji wa takwimu, aliandika kwamba kurasa zilizotumwa na Thiokol usiku ule hazikuweka joto na uharibifu wa pete pamoja kwa safari zote, kiasi cha mtu kuona uhusiano kwa jicho moja. Boisjoly alishirikiana na wenzake kuupinga uchambuzi huo, wakisema Tufte hakuelewa data waliyokuwa nayo na muda waliopewa. Mimi naona Boisjoly ana haki, maana mtu hawezi kulaumiwa kwa kutochora vizuri katika saa chache jambo alilolipigia kelele kwa miezi. Lakini nje ya kisa kile, lawama ya Tufte inawafaa wengi wetu. Mtaalamu wa mifumo anaambatisha taarifa ya kurasa sitini, na onyo linalohitaji uamuzi liko ukurasa wa 41, ndani ya jedwali. Mpimaji anasema "inategemea" na ananyamaza, bila kusema inategemea nini, nani anaweza kukipima, na kwa gharama gani. Mwingine anaona cheo chake kinalindwa vyema asipoeleweka. Meneja anayepewa kitu cha namna hiyo atachukua tarakimu moja iliyo juu na kuondoka nayo. Mimi singemlaumu sana.

Gharama ya kusema ndiyo kubwa zaidi, tena hailipwi sawa. Anayesema "tusubiri" katika kikao cha mradi huhesabiwa kuwa anakwamisha. Mradi ukisubiri na mambo yakawa salama, hakuna atakayemshukuru, kwa sababu maafa ambayo hayakutokea hayana tarehe wala picha. Mradi ukienda na ukaanguka baada ya miaka mitatu, huenda amekwisha hamishwa wilaya. Kijana aliyeajiriwa juzi hulielewa hilo katika vikao vyake vya mwanzo bila kufundishwa na mtu, na akishalielewa anaanza kuandika asilimia.

Kuna ngazi nyingine ambayo wataalamu huisahau kwa sababu wao wako juu yake. Kongwa ni nchi ya Wagogo, watu wa ng'ombe, mtama na uwele, mazao yanayovumilia mvua haba. Kati ya 1917 na 1920 Ugogo ulipigwa na njaa iliyoitwa Mtunya, ambayo kumbukumbu yake ilikuwa bado mbichi kwa wazee wa 1946. Hao walikuwa wanajua mvua ya pale inavyodanganya mwezi wa kwanza na inavyokatika mwezi wa tatu. Kwenye hesabu ya mashamba 107 walikuwa nguvukazi. Kwa hiyo Wakefield, ambaye alikuwa mtaalamu mbele ya Strachey, mbele ya mzee wa Kongwa alikuwa meneja asiye na utaalamu, na alikosea kosa lile lile ambalo waziri alimkosea yeye. Leo chombo cha watumia maji cha kijiji hukabidhiwa mradi pamoja na nyaraka ambazo mara nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza, na mtu atakayewasha pampu kila siku huwa hakuwepo wakati eneo la kisima linachaguliwa. Yeye ndiye angesema korongo lile hufurika mara moja kila baada ya miaka kadhaa.

Baada ya 1951 kilichobaki Kongwa kilifanywa kilimo cha majaribio kwa kiwango kidogo, ili ijulikane ni nini kinaweza kustawi pale na kwa njia gani. Sehemu ya ardhi iligeuzwa kuwa ranchi ya ng'ombe, na ranchi ya Kongwa ipo hadi sasa. Majaribio yalikuja mwisho, baada ya mamilioni ya pauni.

Kama ningepewa nafasi ya kubadili kitu kimoja tu katika namna tunavyoendesha miradi, ningebadili swali la kikao cha kwanza. Mkurugenzi asiulize tu lini na kiasi gani. Amuulize mtaalamu wake: ukiona nini, utakuja kuniambia tusimame? Jibu liandikwe kwa Kiswahili kwenye ukurasa mmoja, kwa vipimo vinavyoonekana. Kina cha maji kikishuka chini ya mita fulani mwezi wa Oktoba. Matofali yakivunjika chini ya uzito fulani. Mfumo ukishindwa kupokea watumiaji kadhaa kwa wakati mmoja katika jaribio. Mhandisi atie saini, mkurugenzi atie saini, na mwenyekiti wa kijiji apewe nakala. Siku hali hiyo ikitokea, anayeleta habari haleti tena mashaka yake binafsi wala hapingi maendeleo ya mtu. Analeta kitu walichokubaliana wote wakiwa na akili tulivu, kabla mkandarasi hajalipwa na kabla tarehe ya uzinduzi haijatangazwa.

Ukurasa huo uandaliwe mwezi wa Julai, mwaka wa fedha unapofunguliwa, kwa kuwa wakati huo kiangazi bado hakijafika kilele chake na visima vinaweza kupimwa upya mwishoni mwake, kabla ya mvua. Mhandisi apewe gari na mafuta ya kwenda kupima. Na majibu yake yasomwe kwa sauti kwenye kikao, yakiwa ajenda inayojitegemea, yeye mwenyewe akiwepo kuyaeleza.